Safu ya Jina la Baba

Dar es Salaam,
12 Februari 2005

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Shangazi Theodora ameniambia kwamba kikohozi kimerudi, na kwamba umekataa tena kuzungumza kwenye simu yake, eti sauti isiyo na uso haiaminiki. Basi naandika kama ulivyonifundisha: tarehe juu, salamu kwanza, shida baadaye.

Shida ni hii. Ili nimalize stashahada ya kompyuta lazima nijenge mradi wangu mwenyewe, na nimepangiwa huduma ya mtandaoni. Usikunje uso. Ni programu inayokaa kwenye kompyuta moja ikingoja kuulizwa. Kompyuta nyingine, hata ikiwa kwenye intaneti kafe hapo Moshi mjini, inataja namba, na yangu inajibu. Haina picha wala rangi. Ni kama wewe ulipokuwa karani wa parokia: mtu anafika dirishani, anataja namba, unafungua kitabu, unamsomea.

Lugha ninayoiandikia inaitwa Java, na alama yake ni kikombe cha kahawa kinachotoa mvuke. Niliwaambia wenzangu kwamba kwetu watu wanang'oa kahawa, haina bei tena. Wakasema, "Kumbe wewe umeifuata huku!"

Ninachokosa ni orodha ya kweli ya kuiulizia. Nakumbuka daftari lako la nakala, lile la jalada jeusi unalolihifadhi sandukuni. Paroko akiridhia, naomba uninakilie watu kama arobaini waliobatizwa: namba, jina, mama, baba, tarehe. Ukichoka, acha.

Mjukuu wako,
Dominika


Kibosho,
26 Februari 2005

Dominika,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kamusi. Nimeelewa hivi: mnajenga karani asiyekohoa. Vema.

Paroko amekubali, ila kwa masharti. Majina yasitoke nje ya darasa lenu, na ukimaliza uyafute. Nimekunakilia namba 180 hadi 219, za mwaka 1961. Mwandiko wangu wa mwaka ule ulikuwa bado unasomeka, na macho yangu ya sasa yanauhitaji huo. Imenichukua siku nane. Shangazi yako analalamika kwamba namaliza wino kama mtoto wa shule.

Daktari amepiga picha ya kifua. Aliitazama ile picha muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. Sikumwuliza.

Melkior ndiye atakayeipeleka barua hii posta akishuka. Ameleta majani ya ng'ombe asubuhi, sasa ameketi kizingitini anakula kiburu cha ndizi na maharage. Nimemwambia kama kila Jumamosi, "Ingia ndani, bwana." Naye amejibu kama kila Jumamosi, "Miguu ina matope, Mwalimu." Hata kiangazi ana matope mtu huyu.

Soma kwa bidii. Usile chipsi kila siku.

Babu yako,
Remigius


Dar es Salaam,
20 Machi 2005

Babu,

Shikamoo. Imejibu! Lazima nikueleze mwanzo mpaka mwisho, hata kama kamusi itachanika.

Kwanza nilisakinisha Java yenyewe. Kisha seva, yaani ile ofisi ambamo programu yangu itakaa ikingoja wateja. Kisha nikafungua folda ya mradi na kupanga folda nyingine ndani yake, kila kitu mahali pake, maana seva ni kama Bibi Monica alivyokuwa jikoni: ukiweka mwiko pasipo pake, hakuna chakula. Kuna faili moja dogo linaloiambia seva: ombi likija kwa jina hili, lipeleke kwa fulani. Hilo lilinitesa siku tatu. Nilikuwa nimesahau alama moja ya kufunga.

Nikaingiza majina yako yote arobaini. Nikauliza 180, ikajibu. Nikauliza 195, ikajibu, mpaka jina la mama na kijiji chake. Nilipiga kelele maabara nzima ikageuka.

Halafu nikauliza 212, ikaanguka. Haikujibu vibaya, Babu, ilianguka kabisa, ikamwaga mistari ya makosa skrini nzima. Nikatafuta kosa siku mbili. Mwisho mwalimu wetu, Bi. Winfrida, akaja akasimama nyuma yangu.

"Hii programu inachukua jina la baba na kuligeuza herufi kubwa bila kuuliza kama lipo," akasema. "Hapa halipo. Unataka igeuze nini, hewa?"

Nikamwambia nilidhani kila mtu ana baba.

Akacheka mpaka akavua miwani. "Dada, umeandika programu ya mbinguni. Huku chini safu hiyo huwa tupu."

Basi nimerudi kwenye karatasi zako. Namba 212: Melkior, mama Ndelilio wa Machame, 16 Aprili 1961. Safu ya baba haina kitu. Je, uliruka wakati wa kunakili? Na huyu si Melkior wetu wa majani?

Dominika


Kibosho,
2 Aprili 2005

Dominika,

Sikuruka. Kazi ya karani ni kunakili kilichopo.

Andika "Hajulikani" uendelee na masomo yako. Mambo ya vitabu vya kanisa si ya maabara.

R.


Dar es Salaam,
24 Aprili 2005

Babu,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa na mistari minne, nami najua mistari minne yako maana yake nini. Nisamehe kama nimegusa pasipoguswa.

Nimefanya ulivyosema. Sasa safu ya baba ikiwa tupu programu haianguki, inajibu tu. Nimechapisha jibu lenyewe uone kazi ya mjukuu wako:

Namba: 212
Jina: MELKIOR
Mama: NDELILIO
Baba: HAJULIKANI

Nitaionyesha mbele ya walimu tarehe 8 Julai. Kwa mradi, kazi imekwisha. Ila mimi bado haijanitoka kichwani. Krismasi iliyopita Melkior alinibebea begi mpaka stendi. Njiani nikamwuliza kwa utani, "Wewe mtu mzima hivi, mbona huna kihamba, shamba la kurithi?" Akacheka. Akasema, "Kihamba changu kiko kwenye kalamu ya mtu." Nilidhani ni methali ya Kichagga nisiyoijua, nikaona haya kuuliza. Wewe unaijua?

Kunywa dawa. Shangazi anasema unazificha chini ya mto.

Dominika


Kibosho,
14 Mei 2005

Mjukuu wangu Dominika,

Hiyo si methali.

Nimekuwa na karatasi yako juu ya meza majuma mawili. Shangazi yako alitaka kuifungia sukari, nikampigia kelele. Nilizoea ile nafasi ikiwa tupu. Sasa mashine imesema Hajulikani kwa herufi kubwa, nami nimeshindwa kula.

Ningeweza kukunakilia mwaka wowote. Nilikuwa karani miaka thelathini na mmoja. Nilikwambia nilichagua 1961 kwa sababu ya mwandiko, nikajiamini mwenyewe. Leo nadhani mkono wangu ulikuwa umechoka kuficha, ukakutafuta wewe.

Mwaka 1960 nilikuwa mwalimu kijana. Ndelilio alikuwa akija sokoni kwetu kutoka Machame kuuza maziwa. Alikuwa na ulimi mkali. Mara ya kwanza nilipomsemesha kwa Kiswahili cha shule alinijibu, "Mwalimu, ng'ombe wangu hakusoma, sema kawaida." Nilimpenda siku hiyo hiyo. Nikamwahidi ndoa, naye akaniamini, maana nilikuwa mtu wa vitabu.

Baba yangu alikataa. Wao walikuwa Walutheri, baba yake mzee wa kanisa kule, na wakati ule mto Weruweru uliotutenganisha ulikuwa mpana kuliko leo. Baba alisema mke Mlutheri hatazikwa kwenye kihamba chake. Juma lilelile padri akaniita kuwa karani wa parokia. Ningeweza kusema hapana kwa mmoja wao. Nilisema ndiyo kwa wote wawili. Ama Ndelilio, nikaacha kwenda sokoni siku zake za maziwa.

Kwao walimfukuza. Aprili, mvua ikinyesha, alivuka Weruweru na mtoto mgongoni kuja kumbatiza kwetu, ili awe wa upande wetu. Akapanga foleni na kina mama wengine mpaka akafika mbele ya meza yangu.

Nikamwuliza, "Jina la mtoto?"

Akasema, "Melkior."

Dominika, wewe umezaliwa mjini, huenda hulijui hili. Kwetu mwana wa kwanza huitwa kwa jina la babu yake mzaa baba. Baba yangu aliitwa Melkior. Mwanamke yule hakupiga kelele wala hakulia. Alitaja jina tu, mbele ya watu, akaniachia mimi nimalizie.

Nikamwuliza, kwa sauti ya ofisi, "Jina la baba?"

Akanitazama. Akasema, "Andika unachojua, Mwalimu."

Sheria ilikuwa hivi: mtoto wa nje ya ndoa, jina la baba haliandikwi mpaka baba afike mwenyewe na kutia saini. Na baba alikuwa amefika. Alikuwa ameketi, ameshika kalamu, wino umejaa. Nilisogeza kalamu mpaka kwenye safu ile, nikaipitisha juu bila kugusa karatasi, nikaandika tarehe. Nikajiambia kwamba nafasi tupu si uongo. Nikaita, "Anayefuata."

Nilipomzaa marehemu baba yako Mathew, mzee wangu aliniuliza kwa nini mwana wa kwanza hakupewa jina lake. Nikamwambia nimeoteshwa jina la mwinjili. Aliniheshimu kwa ndoto hiyo mpaka kufa kwake.

Mwaka 1979 kijana wa miaka kumi na minane alisimama langoni na mzigo wa majani kichwani. Akasema, "Mama amefariki. Aliniambia kwenu kuna ng'ombe." Tangu siku hiyo anakuja kila Jumamosi. Nilimpa kazi, nikamfundisha hesabu, nikampa koti langu la zamani. Nilimpa kila kitu kilichokuwa rahisi. Sidhani anajua. Kama angejua, angekuwa ameshanitukana, na ningepumzika.

Alipotaka kuoa alihitaji cheti cha ubatizo. Nilikuwa nimestaafu lakini niliombwa nimwandikie. Akakisoma palepale. Akaweka kidole kwenye safu. "Mwalimu, hapa pamebaki nafasi." Nikamjibu, "Ndivyo kitabu kilivyo." Akakikunja taratibu, akashukuru.

Mwaka juzi mkewe alifariki. Kwa kuwa hana kihamba, alimzika kwenye makaburi ya mji kule Bomang'ombe, kati ya watu wasiojuana, wakati huku juu mgomba wangu wenyewe unaanguka kwa kukosa mtu wa kuuegemeza. Sikwenda. Nilituma mkungu wa ndizi.

Daktari hahitaji kunieleza, mwili unanieleza. Naomba neno moja. Kwenye namba 212 futa "Hajulikani", uandike Remigius. Ukifika mwezi wa saba uiulize mbele ya walimu wako, ijibu kwa sauti. Nitakuwa nimesema.

Yupo kizingitini sasa, anangoja barua hii aipeleke posta. Ananiuliza kama ni ndefu sana leo. Nimemwambia ni ya masomo.

Babu yako,
Remigius


Dar es Salaam,
29 Mei 2005

Babu,

Shikamoo.

Nimeisoma barua yako kwenye ngazi za posta, sikuweza kufika nyumbani. Nimekulilia. Halafu nikamlilia Melkior. Halafu nikakasirika, na hasira bado ninayo, nisamehe.

Jina sitaliandika. Siyo kwamba ni vigumu. Ni neno moja, dakika moja. Lakini ile programu haijui kitu, Babu. Inarudisha alichoweka mtu. Nikiweka mimi, itasema mbele ya watu kumi wa Dar wasiokujua wala kumjua, na Melkior atakuwa huko Kibosho anakata majani. Utakuwa umejificha nyuma ya mashine yangu kama ulivyojificha nyuma ya meza.

Sheria yenu ilisema baba afike mwenyewe. Basi fika. Yuko kizingitini kila Jumamosi. Hata kutembea huhitaji.

Ukishamwambia, na yeye akiridhia, nitaliandika nikiwa nimepiga magoti.

Ninakupenda.
Dominika


Kibosho,
10 Juni 2005

Mwanangu Melkior,

Jumamosi iliyopita nilikuita ndani nikitaka kusema. Ukasema miguu ina matope, nami nikashukuru kimoyomoyo. Kwa hiyo naandika. Kalamu ndiyo iliyokukosea, acha irudi yenyewe.

Mimi ni baba yako. Mama yako hakusema uongo hata siku moja. Alikuleta mbele yangu ukiwa mgongoni, akakuita kwa jina la baba yangu, nami nikakuacha bila langu. Nilijua siku ile na nimejua kila siku. Sikuwa na sababu yoyote isipokuwa woga.

Ndani ya bahasha kuna jani la isale kutoka kwenye mpaka wa kihamba. Nimelifunga fundo. Limenichukua asubuhi nzima. Unajua desturi kuliko mimi: aliyekosa akileta isale, aliyekosewa hana ruhusa ya kulikataa. Najua si haki kukubana hivyo. Sina kingine.

Nimeandika na kutia saini karatasi ya pili, mbele ya Paroko. Mstari wake wa kwanza unasema wewe ni mwanangu wa kwanza. Wa chini yake unasema sehemu ya juu ya kihamba, karibu na mfereji, ni yako ya kuishi na kuzikwa, wewe na wako.

Njoo. Usingoje Jumamosi. Uingie ndani na matope yako.

Baba yako,
Remigius


Bomang'ombe,
26 Juni 2005

Kwa Dominika,

Salamu. Sisi ni wazima. Mimi si mwandishi, nisamehe mwandiko.

Siku tulipomzika Mzee, ulinivuta pembeni karibu na zizi ukaniuliza, "Alikuambia?" Nikakujibu, "Aliniambia nini?" Nilikudanganya. Ulirudi Dar ukidhani alikufa bila kusema. Nimeona nisikuache hivyo, maana najua uzito wake.

Aliniambia, ila kwa barua. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 11. Nilimaliza kula, akatoka mwenyewe na fimbo mpaka kizingitini akanipa bahasha. Nilidhani ni yako. Niliiweka kwenye koti, lile koti alilonipa zamani. Alisimama pale akinitazama. Nikasema, "Itafika, Mwalimu." Akasema, "Naamini." Posta mjini nilipoitoa kubandika stempu ndipo nikaona jina langu. Halina anwani. Melkior, basi.

Nilisoma nikiwa nyumbani. Lile jani lilikuwa bado bichi.

Dominika, mimi nilijua tangu nina miaka saba. Mama alinionyesha kutoka mbali, ibadani, akasema, "Yule anayesoma somo." Alipokuwa anakufa aliniambia, "Nenda ukae machoni pake. Usimwombe. Siku moja ataandika." Kwa hiyo nilipeleka majani. Sikuingia ndani kwa sababu nilisema nitaingia siku nitakapoitwa kwa jina langu. Yeye alidhani sijui. Mimi nilidhani anajua kwamba najua, ila ananipima. Miaka ishirini na sita tulikaa hivyo, mlango uko wazi katikati yetu.

Sasa nakuambia langu. Barua ilisema njoo, usingoje Jumamosi. Mimi nilisema moyoni: na yeye angoje kidogo. Mimi nimengoja miaka arobaini na minne, yeye angoje siku saba. Nitakwenda siku yangu ileile, na mzigo wangu wa majani, niutue, ninawe miguu kwenye mfereji, niingie. Nilipanga mpaka maneno. Jumapili nikakaa. Jumatatu nikafua shati. Jumatano nikanunua sabuni ya miguu, nilicheka mwenyewe dukani.

Alhamisi Shangazi Theodora akapiga simu kwa jirani.

Anasema tangu Jumapili Mzee alikuwa anataka kiti chake kikae mlangoni. Akisikia lango anauliza, "Ni Melkior?" Shangazi anamjibu, "Baba, leo si Jumamosi." Alimjibu hivyo siku zote nne.

Isale halikataliwi. Sikulikataa, Mungu ananiona. Nililichelewesha tu. Sijui desturi inasemaje juu ya mtu aliyechelewesha.

Uliniona siku ya mazishi na koleo, pamoja na wachimbaji. Watu walidhani ni kibarua kama kawaida. Padri aliposema watoto wa marehemu watupe udongo, alisimama shangazi yako peke yake, nikamwona Paroko ananitazama. Miguu haikwenda. Lakini tulipoanza kufukia, koleo la kwanza lilikuwa langu. Na lile jani nililitia humo, fundo nimelifungua kwanza, kusudi ajue limepokelewa. Nilitumia meno, alikuwa amelikaza sana.

Karatasi ya pili ninayo. Paroko anasema ataisoma mbele ya ukoo siku ya arobaini. Kihamba sitagombana na mtu. Nikipewa, nitamhamisha mke wangu aje huku juu, hilo tu. Ng'ombe bado anakula, na Jumamosi nilipeleka majani. Nilinawa miguu nikaingia. Nilikaa kidogo kwenye kiti chake, na mezani nikaiona karatasi yako yenye neno Hajulikani. Shangazi alikuwa shambani, nyumba haina mtu.

Sasa lile jambo la mashine. Mzee alinieleza zamani kwamba inaulizwa namba inajibu. Namba yangu Paroko ameniambia. Tarehe 8 ukiwa mbele ya walimu wako, naomba uiulize mimi. Usiandike tena lile neno. Nimeridhia. Halafu uniandikie imejibu nini, neno kwa neno, hata kama unajua kwamba najua.

Jina hapa chini nimelijaribu kwanza kwenye karatasi nyingine mara nyingi, mkono haujazoea.

Ni mimi,
Melkior Remigius